Presha, sukari na dawa za CTC (kliniki ya VVU) kwa mtu mmoja: maswali ya benchi la kliniki, Moshi

Kliniki yetu ya presha na sukari ni Jumanne na Alhamisi. Saa moja kasoro asubuhi benchi limeshajaa, na kabla sijafungua dirisha maswali yameshaanza. Mengine huulizwa kwa sauti ili na jirani asikie jibu. Mengine huja kwa kunong'ona, mtu akijifanya anaokota daftari lililoanguka. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa chini wa mji, tunakohudumia watu wa Njoro, Pasua na Majengo. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale dirishani. Dozi yako wewe ataiamua anayekupima.

Sista, nina presha, nina sukari, na CTC nahudhuria. Nianzie wapi?

Anzia karibu na nyumbani, na uchague mahali pamoja watakapokujua.

Mwaka jana alikuja mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Ndani ya kikapu, chini ya kitenge, alikuwa na madaftari matatu. La kwanza la zahanati ya mtaani kwake, limeandikwa amlodipini. La pili la hospitali aliyopelekwa na mwanawe alipozidiwa, humo kuna nifedipini. Hizo ni ndugu wa tumbo moja: zote zinalegeza mishipa ya damu, na zote zinaweza kuvimbisha miguu. Miguu ikavimba kweli. Akaenda mahali pa tatu, hakuulizwa madaftari na yeye hakuyatoa, akapewa kidonge cha kukojoza ili uvimbe upungue. Sasa akawa anaamka usiku mara nne, choo kiko nje, taa hakuna. Akachoka, akaacha vyote, hadi vya sukari. Alipofika kwetu presha ilikuwa 190 kwa 110.

Kati ya wale watatu simlaumu yeyote, maana kila mmoja alitibu kilicholetwa mbele yake siku hiyo. Lakini hapakuwa na aliyeyaona madaftari yote kwa pamoja. Tulipoyaweka mezani, kazi ilikuwa ya dakika kumi: nifedipini ikatoka, cha kukojoza kikatoka, kikabaki kidonge kimoja cha presha na kile cha sukari. Miguu ilinywea ndani ya wiki mbili. Angefanyiwa hivyo mwanzoni, nauli za miezi saba zingebaki mfukoni mwake.

Nije na nini?

Njoo na dawa zote kwenye pakiti zake. Nikisema zote namaanisha na zile ulizonunua duka la dawa bila cheti, alizokuachia jirani, na chupa ya mizizi. Watu huficha chupa ya mizizi kama vile wameiba. Mimi sina ugomvi nayo, nataka kuijua tu.

Daftari liwe moja. Likijaa, gundisha jipya kwenye la zamani, usilitupe. Ukurasa wa kwanza tuandikie majina ya magonjwa yako yote na dawa zote, na likitokea badiliko tunakata kwa mstari, hatufuti. Kama hutaki neno VVU lionekane kwenye daftari ambalo wajukuu wanachezea, sema. Zipo namna za kuandika zinazoeleweka na mhudumu bila kumwambia kila mtu nyumbani. Ila mtu wa kliniki ya presha lazima ajue, na sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Hivi vidonge vyangu havigombani tumboni?

Vingi havigombani. Vichache vinagombana, na hivyo ndivyo vya kuvijua kwa majina.

Kidonge kimoja cha VVU ambacho wengi mnatumia siku hizi kina dolutegraviri ndani yake. Dolutegraviri hupandisha kiasi cha metfomini, ile dawa ya sukari, kwenye damu. Kwa hiyo anayetumia zote mbili kwa kawaida hapewi metfomini zaidi ya miligramu 1,000 kwa siku. Sasa fikiria kliniki ya sukari haijui kwamba uko CTC: inaona sukari iko juu, inaongeza metfomini hadi 2,000, nawe unaanza kuharisha na kutapika usijue kwa nini. Dolutegraviri hiyohiyo haitaki kumezwa sambamba na dawa za kiungulia zenye magneziamu au alumini, zile nyeupe za kutafuna. Itangulie kwa muda wa saa mbili, au isubiri muda wa saa sita baada ya hizo za kiungulia.

Ya pili ni TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake, huifanya ini ichape kazi, ikazisaga dawa nyingine haraka kuliko kawaida: amlodipini, nifedipini, glibenklamidi ya sukari, na hiyo dolutegraviri, ambayo humezwa mara mbili kwa siku wakati wa matibabu ya TB. Ndiyo maana mtu akianza dawa za TB presha yake hupanda bila kosa lake. Na mwenye kisukari yumo hatarini kupata TB mara mbili hadi tatu ya asiye nacho, kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili kwako wewe si cha kunywea tangawizi nyumbani.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inauzwa kama pipi. Diklofenaki. Magoti yanauma, mikungu ya ndizi ni mizito, mtu anameza mbili asubuhi mbili jioni mwaka mzima. Dawa hiyo inapandisha presha, inaumiza figo, na ukiwa tayari unatumia dawa za presha za jamii ya kaptoprili au losatani pamoja na cha kukojoza, figo zinaweza kusimama. Kwa maumivu ya magoti omba parasetamo kwanza, na kama haitoshi njoo tuongee.

Kwa nini dawa za VVU napewa za miezi mitatu, hata sita, na bure, lakini za presha kila mwezi na mara nyingi nanunua?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja akiwa amesimama, kofia mkononi, nikakosa jibu la kumridhisha. Historia yake ni hii. Huduma za VVU zilijengwa kwa fedha zake maalumu, nyingi kutoka PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003, na Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, TB na malaria. Fedha zile zilikuja na mfumo: kadi, namba, faili, mtu wa kukutafuta ukipotea, na dawa za miezi mingi kwa mteja aliye imara. Presha na kisukari havikuwahi kupata mlezi wa namna hiyo. Dawa zake zinategemea kituo kimekusanya nini na kimeagiza nini Bohari ya Dawa. Matokeo yake mtu mmoja, mwili mmoja, anatendewa kama watu wawili kwenye majengo mawili yanayotazamana.

Kuna mambo mawili unayoweza kuomba, na usione aibu. La kwanza, tarehe zako zote ziwekwe siku moja. Anayetoka Mabogini anapanda daladala mara moja badala ya mara tatu, na siku mbili anabaki shambani. La pili, kama vipimo vimetulia, omba dawa za presha za miezi miwili au mitatu kwa mpigo. Zikiwepo, mhudumu mwelewa hatakunyima. Zisipokuwepo, omba cheti chenye jina halisi la dawa, si la kampuni, ukauliza bei maduka mawili au matatu kabla ya kununua. Tofauti utaiona mwenyewe.

Presha imeshuka. Niache?

Imeshuka kwa sababu unameza.

Sukari si ugonjwa wa matajiri?

Nilikulia nikisikia hivyo hivyo, kwamba ni wa wenye vitambi na magari. Benchi langu linasema vingine.

Mwaka 2012 ulitoka utafiti mkubwa wa Scotland uliopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.7. Ulionyesha kwamba watu wa maeneo maskini zaidi wanaanza kuishi na magonjwa sugu mawili au zaidi miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wa maeneo yenye nafasi, tena kwao magonjwa ya mwili na ya akili hufuatana. Huko ni Ulaya, penye baridi na hospitali za bure. Lakini nikisoma umri wa wanaokaa benchini, miaka 43, 47, 51, nawaona ni watu wa mji uleule.

Hapa kwetu pia tumepimwa. Utafiti wa watu wazima 481 kutoka kaya 346 za Moshi mjini na vijijini, uliochapishwa 2015, ulikuta asilimia 7 wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini 2. Na waliokuwa wanajua kwamba figo zao zinaumwa ni karibu mmoja tu kati ya kumi.

Basi figo nitazijuaje, nami siumwi?

Hutazijua kwa kujisikia. Figo hulalamika zikiwa zimeshachoka kabisa. Mwenye presha au sukari apimwe mkojo kwa kijiti cha protini angalau mara moja kwa mwaka, na ikiwezekana kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu. Kijiti ni cha bei ndogo, na vituo vingi vinacho kwa ajili ya kina mama wajawazito. Kiulizie.

Nyumbani ni ugali, ndizi na makande. Hayo majani ya daktari nitayatoa wapi?

Ile karatasi ya lishe yenye tufaa na brokoli iliyobandikwa ukutani hata mimi hunichekesha. Tuongee chakula chetu.

Ndizi, ugali, wali, viazi vyote ni wanga, kwa hiyo ugomvi uko kwenye wingi wake sahanini. Punguza fungu la ugali libaki kama ngumi yako, mboga iwe nusu ya sahani: mchicha, mnafu, majani ya maboga. Maharage ni rafiki, parachichi la bustanini ni rafiki. Chai ya vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku ni vijiko kumi na viwili, na hapo hujala kitu.

Chumvi, kiasi cha siku nzima kwa mtu mmoja ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyoko kwenye dagaa, mchuzi wa dukani na mkate. Na hapa kuna kitu ambacho karatasi za ukutani hazikitaji kwa kuwa aliyeziandika hajapika kiburu, ndizi zetu za kupondwa na maharage: magadi. Magadi yana sodiamu kama chumvi. Mtu anakwambia, "Sista, chumvi nimeacha," naye kila siku makande yanaivishwa kwa magadi ili maharage yalainike upesi na kuni zisiishe. Loweka maharage usiku kucha, utahitaji kuni chache na magadi kidogo au usiyahitaji kabisa. 

Mbege, pombe yetu ya ndizi? Kata moja harusini haitakuua. Ndoo ya kila jioni itavuruga sukari, itapandisha presha, na itakusahaulisha kidonge cha usiku.

Dawa imeandikwa "baada ya kula", nami nala mara moja kwa siku.

Hili liseme mapema, hata kama hukuulizwa, hata kama nyuma yako foleni inasonya. Glibenklamidi inashusha sukari ukila usile. Umemeza asubuhi, mlo umepatikana saa kumi jioni, katikati sukari inaporomoka: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kupotea. Kwa mzee au mwenye figo dhaifu inaweza kumlaza chini asiamke. Mtu ambaye chakula chake si cha uhakika anastahili mpango mwingine wa dawa, na metfomini peke yake mara nyingi ni salama zaidi kwake. Nimeona watu wakiona haya kusema "jana sikula" mbele ya kijana mwenye koti jeupe. Nasi wenye makoti tuulize kabla ya kuandika.

Mizizi je? Na maombi?

Maombi hayagombani na kidonge chochote.

Mizizi ni habari ndefu. Mnakumbuka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Kutoka mitaa hii walikodi magari, wakawabeba wagonjwa mgongoni. Wapo waliorudi wakatupa dawa, za sukari, za VVU, na baadhi yao hatukuwaona tena. Sisemi hivyo kuwacheka. Mtu aliyechoka kununua dawa za magonjwa matatu kila mwezi, akiambiwa kikombe kimoja kinamaliza yote kwa mia tano, angefanyaje? Mlonge, mwarobaini, shubiri, ukitumia niambie, kwa kuwa vipo vinavyoweza kushusha sukari juu ya ile dawa uliyonayo. Ila usiiache dawa ukashika mizizi.

Sina hela kabisa. Nifukuzwe?

Ukiwa na miaka 60 au zaidi na huna uwezo, sera ya nchi inakupa matibabu bure kwenye vituo vya serikali. Utahitaji kitambulisho cha mzee, na kinaanzia kwa mtendaji wa mtaa. Dirisha la wazee lipo, ingawa siku nyingine lina makaratasi tu. Dawa za VVU na TB ni bure kwa umri wowote. Aliye chini ya miaka 60 na hana kitu aende kwa afisa ustawi wa jamii wa kituo au hospitali kabla ya kwenda kwa mhasibu, si baada. Aliye kwenye kaya ya mpango wa TASAF, ule wa kunusuru kaya maskini, aje na uthibitisho wake.

Bima tuliyoizoea mitaani ilikuwa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na inabadilisha mpangilio huo, kwa hiyo kauli ya jirani ya mwaka juzi isikutoshe, kaulize ofisi ya mtaa. Kata bima ukiwa mzima. Wengi huja kuikata wakiwa kwenye machela.

Kwa nini nisipande moja kwa moja KCMC, kwenye mabingwa?

Bingwa wa moyo ni wa moyo. Bingwa wa figo ni wa figo. Ukiwa na magonjwa manne utarudi na mabingwa wanne na karatasi nne, nasi tumerudi kwenye kikapu cha mama wa Mbuyuni. Njia ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Mawenzi ambayo ni ya mkoa, kisha KCMC ya kanda, na cheti cha rufaa kikuandamane. Kazi ya mtu wa kituo ni kuzisoma hizo karatasi nne na kukwambia ipi inaanza.

Mwaka huohuo KCMC ilipofunguliwa, 1971, daktari mmoja wa vijiji vya wachimba makaa huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri huelekea kupungua pale inapohitajika zaidi. Ukitaka kumwelewa, hesabu waganga walioko katikati ya mji, kisha uje uhesabu huku kwetu.

Silali. Nawaza tu. Hiyo nayo ni presha?

Huenda ni sonona. Ni ugonjwa, unapimwa kwa maswali na unatibika, na anayeishi na magonjwa mengi huupata zaidi. Mara nyingi ndio unaomfanya mtu aache vidonge vingine vyote. Usiseme "nina mawazo tu" ukatoka. Kaa, tufunge mlango.

Nikikosa tarehe nitagombezwa?

Pengine. Njoo hivyohivyo. Wanaogomba wana siku moja mbaya, presha yako haina likizo.

Lini nisisubiri tarehe ya kliniki?

Mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukikosa nguvu ghafla, maneno yakivurugika: hicho ni kiharusi, usimkande kwanza kwa mafuta, bodaboda au bajaji, hospitali. Kifua kubana kama umekaliwa. Kutapika na kuhema kwa kasi kwa mwenye sukari. Kidonda cha mguu kilichobadilika rangi au kunuka, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, kwa maana mishipa ya fahamu imeshakufa ganzi.

Sukari ikishuka na mtu bado anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida, halafu chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni.

Naweza kumtuma mtu anichukulie dawa?

Ukiwa imara, ndiyo, ila si mara zote. Angalau kila baada ya miezi mitatu tukuone wewe, tukupime, tukukague na miguu. Anayetumwa aje na daftari na pakiti tupu.

Mzee mmoja wa Pasua humtuma mjukuu wake wa darasa la sita. Daftari limefungwa kwa raba ya baiskeli, na kila Jumapili mhudumu wa afya wa mtaa akipita, mtoto huandika kipimo cha presha cha babu kwa penseli, tarehe upande wa kushoto, mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Wiki iliyopita pembeni alikuwa ameongeza swali: "Babu anauliza chumvi ya kwenye bisi inahesabika?"

Inahesabika.